Aliingia mjini na Alfa Romeo, akatolewa Ikulu na Volkswagen

JANUARI 21, 1962, uwanja wa Addis Ababa umefurika. Dakika 120 zimekwisha. Ethiopia imeichapa Misri mabao 4-2, Misri ambayo wakati huo ilikuwa inacheza kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu. Nahodha Luciano Vassallo anakwenda kuchukua Kombe la Mataifa ya Afrika, na anayemkabidhi ni mzee mfupi, mwembamba, mwenye ndevu zilizotunzwa. Umri wake ni miaka 69. Jina lake Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia.

Mashabiki wengi wa Bongo wanalijua jina hilo kutoka kwenye nyimbo za reggae, au kutoka kwenye somo la historia ya OAU, umoja uliozaliwa mjini kwake Mei 1963. Wachache wanajua kwamba maisha ya mzee huyo unaweza kuyasimulia kwa magari. Kuna Alfa Romeo iliyomrudisha mjini kama bingwa. Kuna Rolls-Royce zilizompa ufahari kwa miaka mingi. Halafu kuna Volkswagen moja, kagari kadogo tu, iliyomaliza kila kitu asubuhi moja.

Na katikati ya magari hayo kuna kombe. Ni kombe pekee la Afrika ambalo Ethiopia imewahi kulibeba hadi leo.

KIJANA WA HARAR

Alizaliwa Julai 23, 1892, kijiji cha Ejersa Goro, jimbo la Harar, mashariki mwa Ethiopia. Wazazi walimwita Tafari. Baba yake, Ras Makonnen, alikuwa ndugu wa Mfalme Menelik II na mmoja wa makamanda waliowapiga Waitaliano pale Adwa, Machi 1896. Ile ilikuwa mechi ambayo Italia haikuisahau. Jeshi la Ulaya lilifungwa na Waafrika mchana kweupe, na nchi nzima ya Italia ikabaki na deni la kisasi.

Ras Makonnen alifariki 1906, Tafari akiwa na miaka 13. Kijana akapelekwa kukua karibu na Menelik, Addis Ababa. Hapo ndipo magari yanapoingia kwenye stori.

Mwishoni mwa 1907 na mwanzoni mwa 1908, Mwingereza Bede Bentley na Mjerumani Arnold Holtz walikuwa wanashindana nani awe wa kwanza kumfikishia Menelik gari. Barabara hakuna. Kuna mawe, mito, milima na jangwa. Bentley alifika kwanza na gari lake aina ya Siddeley, Menelik akapanda, na mji mzima ukajua kwamba kuna chombo kinachokimbia bila farasi wala nyumbu. Tafari wakati huo alikuwa kijana wa miaka 15. Alikuwa anajifunza jinsi mfalme anavyotakiwa kuonekana mbele ya watu.

Somo hilo alilishika vizuri. Mwaka 1916 akawa msaidizi mkuu wa utawala chini ya Malkia Zewditu. Mwaka 1923 akaiingiza Ethiopia kwenye Ushirika wa Mataifa, na mwaka uliofuata akazunguka Ulaya. Mwaka 1928 akapewa cheo cha ufalme, na Zewditu alipofariki, Tafari akachukua kiti chote.

Novemba 2, 1930, alitawazwa kwa jina la Haile Selassie wa Kwanza. Wageni walitoka Ulaya, Marekani na Asia. Kwenye sherehe hizo alitumia gari la farasi lililowahi kuwa la Kaiser Wilhelm wa Ujerumani, yule yule ambaye Tanganyika ilitawaliwa kwa jina lake. Kaiser alishapoteza vita na kiti, na kibandawazi chake kikawa mali ya Mwafrika. Selassie hakuchagua hovyo. Alijua watu wanasoma cheo cha mtu kwa kile alichopanda.

WAITALIANO WAKAJA NA MAGARI

Italia ya miaka ile ilikuwa chini ya Benito Mussolini, na jamaa alikuwa anatumia michezo kama bango la siasa zake. Juni 10, 1934, mjini Roma, Italia ilitwaa Kombe la Dunia kwa kuifunga Czechoslovakia 2-1 katika muda wa nyongeza. Kocha alikuwa Vittorio Pozzo. Miaka minne baadaye, Paris, Pozzo akarudia tena, safari hii Hungary ikilala 4-2.

Kati ya makombe hayo mawili kuna vita. Oktoba 3, 1935, jeshi la Mussolini lilivuka mpaka na kuingia Ethiopia. Lilikuja na ndege, vifaru, malori na gesi ya sumu. Wenzao wengi walikuwa na bunduki za zamani na miguu yao tu. Machi 31, 1936, Selassie mwenyewe aliongoza mapigano ya Maychew na akapoteza.

Mei 2 akapanda treni kwenda Djibouti, akaingia kwenye meli ya kivita ya Waingereza na kuondoka. Kwa wengi wa machifu wake ile ilikuwa aibu, kwa sababu mfalme wa Ethiopia hakimbii uwanja. Kwake yeye ilikuwa njia pekee ya kubakiza kesi hai.

Siku tatu baadaye, Mei 5, 1936, Marshal Pietro Badoglio aliingia Addis Ababa akiwa na msafara wa magari zaidi ya 1,000. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yenyewe. Italia ilitaka dunia ione kwamba nchi ya farasi imeshindwa na nchi ya injini.

Juni 30 Selassie alisimama Geneva mbele ya Ushirika wa Mataifa na kueleza jinsi watu wake walivyomwagiwa sumu kutoka angani. Waandishi wa Kiitaliano walimzomea na kumpigia miluzi, kama mashabiki wa timu mwenyeji wanavyomfanyia mpigaji penalti wa ugenini. Aliendelea hadi mwisho. Hakupata msaada.

Akaenda kuishi Bath, Uingereza, kwenye nyumba iitwayo Fairfield. Baridi kali, pesa hakuna. Ilifika mahali akauza vyombo vyake vya fedha ili kulipa gharama za nyumba. Mtu aliyetawazwa mbele ya dunia nzima alikuwa anahesabu bili ya makaa ya mawe.

ALFA ROMEO NI GARI GANI?

Leo ukitaja gari la kifahari, shabiki atakutajia yale ya mastaa wa Ulaya. Miaka ya 1930, ufahari wa Italia ulikuwa na jina moja, Alfa Romeo.

Kampuni ilianza 1910 mjini Milan. Mashindano ya saa 24 ya Le Mans ilishinda mara nne mfululizo, 1931 hadi 1934. Timu yake ya mashindano iliendeshwa na kijana mmoja anayeitwa Enzo Ferrari, kabla hajatengeneza magari yenye jina lake mwenyewe. Julai 28, 1935, dereva Tazio Nuvolari akiwa na Alfa aliwashinda Wajerumani kwao, Nürburgring, mbele ya wakubwa wa Hitler waliokuja kushuhudia Mercedes na Auto Union zikishinda. Miezi miwili baadaye ndipo Italia ikaivamia Ethiopia.

Magari ya aina hiyo hayakuwa yanatoka kiwandani kama mikate. Kiwanda kilitengeneza chesisi na injini, halafu mafundi wa bodi kama Touring, Zagato na Castagna walilivisha gari kwa mkono, moja moja, kwa kadiri ya mfuko wa mteja. Ndiyo maana leo fundi anayefufua gari la kabla ya vita hutangulia kutazama namba za chesisi na injini kabla hajagusa rangi. Kama injini ni ile ile ya kuzaliwa nayo, thamani inapaa. Kama imebadilishwa, hata ukilipaka rangi liwake kama kioo, wajuzi hawadanganyiki. Mwaka 2016 Alfa Romeo moja ya 1939, aina ya 8C 2900B, iliuzwa kwenye mnada Marekani kwa dola milioni 19.8.

Kwa hiyo ukiona Alfa Romeo Addis Ababa wakati wa ukoloni, ulikuwa hutazami usafiri. Ulikuwa unatazama Italia yenyewe, ile ya Kombe la Dunia na ya Le Mans, ikipita barabarani na kukutimulia vumbi.

MEI 5, 1941

Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza na Italia ikaingia upande wa Hitler, Waingereza ghafla wakamkumbuka mgeni wao wa Bath. Januari 20, 1941, Selassie alivuka mpaka kutoka Sudan akiwa na kikosi kidogo kilichoongozwa na ofisa wa Kiingereza, Orde Wingate. Waliungana na wapiganaji wa Kiethiopia ambao kwa miaka mitano hawakuwahi kuweka silaha chini.

Upande wa kusini, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalikuwa yanapanda kutoka Kenya. Humo walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Afrika Magharibi na Kusini. Ukombozi wa Ethiopia una jasho la watu wa huku kwetu pia. Aprili 6 Addis Ababa ikaanguka mikononi mwao.

Selassie hakuharakishwa kuingia. Waingereza walimchelewesha kwa kuhofia kwamba angeingia na watu wenye hasira, halafu Waitaliano raia wakachinjwa mitaani. Mwisho akaingia Mei 5, 1941. Ukiangalia tarehe utaelewa: ni miaka mitano kamili, siku kwa siku, tangu msafara wa Badoglio.

Alisimama kwanza kwenye mlima Entoto kusali. Kisha akashuka mjini. Wingate alitangulia akiwa juu ya farasi mweupe. Nyuma yake, ndani ya gari la wazi, akaja mfalme. Na gari lenyewe lilikuwa Alfa Romeo.

Watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa maana ya msafara wa namna hiyo. Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kusota chini, mji ulijua furaha ya kurudi inafananaje. Sasa chukua furaha hiyo, uizidishe kwa nchi nzima. Halafu wazia kwamba mabingwa wanapita kwenye gari la timu pinzani, gari lililoachwa na wapinzani wakati wanakimbia.

Hakuna hotuba inayoweza kusema zaidi ya hapo. Mussolini alileta magari kuonyesha kwamba Mwafrika amepitwa na wakati. Mwafrika akarudi, akakaa siti ya nyuma ya gari bora la Mussolini, akapita mjini taratibu ili kila mtu amwone.

Siku hiyo hiyo Selassie aliwataka watu wake wasilipe ubaya kwa ubaya. Maelfu ya Waitaliano walikuwa bado mjini, na mwaka 1937 Addis Ababa ilikuwa imeshuhudia mauaji makubwa ya raia yaliyofanywa na watawala wao. Mfalme akasema kisasi hapana. Wengi wa Waitaliano hao walinusurika, na baadhi walibaki wakifungua gereji, maduka na migahawa.

MTOTO WA MUITALIANO NA KITAMBAA CHA UNAHODHA

Mpira nao ulikuwa na vita yake. Klabu ya Saint George ilianzishwa Addis Ababa Desemba 1935, wakati majeshi ya Italia yameshaingia nchini. Mmoja wa wachezaji wake wakubwa alikuwa Yidnekachew Tessema, mzaliwa wa Jimma, ambaye baadaye alikuwa kila kitu kwenye soka la Ethiopia: mchezaji, kocha na kiongozi.

Februari 1957 Ethiopia ilikuwa moja ya nchi nne zilizohusika kuanzisha Shirikisho la Soka Afrika, CAF, pamoja na Misri, Sudan na Afrika Kusini. Afrika Kusini ilitaka kupeleka timu ya watu wa rangi moja, ikaondolewa. Kwenye fainali ya kwanza kule Khartoum, Misri iliitandika Ethiopia 4-0. Haikuwa mechi ya kupendeza kwa watu wa Addis.

Mwaka 1962 zamu ya kuandaa ikawa ya Ethiopia. Timu zilikuwa nne: wenyeji, Misri, Tunisia na Uganda, ambayo ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza. Tanganyika ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu ipate Uhuru. Kocha wa Ethiopia alikuwa Tessema.

Nahodha wake alikuwa Luciano Vassallo, mzaliwa wa Asmara, mama Muerithrea na baba Muitaliano. Mdogo wake, Italo, naye alikuwa kikosini. Inasimuliwa kwamba baadhi ya viongozi hawakupenda mtu mwenye jina la Kiitaliano apokee kombe mbele ya mfalme. Walitaka abadilishe jina, au kitambaa kipewe mwingine. Tessema alikataa. Kwake, nahodha alikuwa yule anayeongoza uwanjani, basi.

Nusu fainali Ethiopia iliitoa Tunisia 4-2. Fainali ikawa na Misri, mabingwa watetezi waliokuwa wamebeba makombe yote mawili yaliyotangulia. Misri ilitangulia, Ethiopia ikarudisha. Misri ikafunga tena, Ethiopia ikarudisha tena. Muda wa nyongeza ukaingia, Italo Vassallo akafunga, kisha Mengistu Worku akamaliza kazi. 4-2.

Ndipo Luciano akaenda mbele ya Selassie. Mfalme aliyekimbizwa na Waitaliano alimkabidhi kombe la Afrika mtoto wa Muitaliano, ndani ya jezi ya Ethiopia. Kama Alfa Romeo ile ilikuwa ushindi wa kijeshi, hii ilikuwa aina nyingine ya ushindi, na pengine ilikuwa kubwa zaidi.

Lakini stori ya Selassie haina ushindi usio na doa. Nahodha na wachezaji kadhaa wa timu ile walitoka Eritrea, ambayo tangu 1952 ilikuwa kwenye shirikisho na Ethiopia ikiwa na bunge lake. Novemba 1962, miezi kumi tu baada ya kombe, Selassie aliufuta mpango huo na kuifanya Eritrea jimbo la kawaida. Vita iliyozaliwa humo ilidumu miaka karibu 30. Timu iliyompa furaha yake kubwa kwenye soka haiwezi tena kupangwa. Leo hizo ni nchi mbili.

ROLLS-ROYCE NA NJAA YA WOLLO

Baada ya vita Selassie alijenga jina la kimataifa. Mwaka 1955 alifungua ikulu mpya, Jubilee Palace, kuadhimisha miaka 25 ya utawala. Malkia Elizabeth wa Pili alimtembelea 1965. Mwaka uliofuata alitua Jamaica, na Rastafari waliomwona kama Mungu wakajaa uwanja wa ndege.

Gereji ya ikulu nayo ilijaa. Rolls-Royce zilitoka kwa sherehe, kwa wageni, kwa ibada. Ni magari yaliyojengwa ili anayekaa nyuma asisikie shimo la barabara. Na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Mtu asiyesikia mashimo kwa miaka 30 anaweza kuamini kwamba barabara ni nzima.

Onyo la kwanza lilikuja Desemba 1960. Selassie akiwa ziarani Brazil, walinzi wake mwenyewe walijaribu kumpindua. Alirudi, akalizima jaribio, akarudi kwenye kiti. Wasomi walidai mabadiliko, wakulima walidai ardhi. Mzee aliendelea kucheza mfumo ule ule.

Kuanzia 1972 njaa iliingia majimbo ya Wollo na Tigray. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu, serikali ikawa inaficha. Mwaka 1973 mwandishi wa Kiingereza Jonathan Dimbleby alitengeneza filamu iliyoionyesha dunia kilichokuwa kinatokea. Siri ikavuja yote.

Halafu mafuta yakapanda bei duniani. Februari 1974 madereva wa teksi wa Addis Ababa wakagoma kwa sababu ya bei ya petroli. Mkazi wa Igogo anajua daladala zikigoma inakuwaje: vituo vinajaa, watu wanatembea kwa miguu kwenda mjini, biashara inasimama, na ifikapo saa nne hakuna anayezungumzia kitu kingine. Addis ilikuwa hivyo, na walimu wakaongezeka, wanafunzi wakaongezeka, askari wakaongezeka. Mwenye Rolls-Royce alianza kuanguka siku wenye teksi walipozima injini.

SAFARI YA MWISHO

Maofisa wa jeshi waliunda kamati iliyojulikana kama Derg. Walimzunguka mzee polepole. Leo wanamkamata waziri, kesho jenerali, keshokutwa wanataifisha mabasi na majumba ya familia. Jubilee Palace ikabadilishwa jina na kuwa Ikulu ya Taifa.

Kuamkia Septemba 12, 1974, televisheni ya Ethiopia ilirusha filamu ya njaa, ikichanganywa na picha za karamu za ikulu. Asubuhi yake maofisa waliingia Ikulu ya Taifa na kumsomea mfalme hati ya kumwondoa. Alikuwa na miaka 82.

Wakamtoa nje. Pale mlangoni hapakuwa na Rolls-Royce. Palikuwa na Volkswagen ile ya duara mgongoni, gari la karani na mwalimu. Mfalme wa Wafalme akaingizwa siti ya nyuma, akapelekwa kambi ya jeshi. Njiani palikuwa na watu waliomzomea na kumwita mwizi.

Maofisa wale walikuwa wamelielewa somo lake la zamani. Kama yeye alijua mwaka 1930 na mwaka 1941 kwamba watu husoma cheo kwa gari, na wao walijua. Hawakuhitaji kumpiga ili nchi ielewe kwamba amekwisha.

Agosti 27, 1975 alifariki akiwa kizuizini. Derg ilitangaza kwamba ni maradhi. Baada ya Derg kuanguka, waendesha mashtaka walieleza kwamba aliuawa. Mwaka 1992 mabaki yake yalifukuliwa kwenye eneo la ikulu ya zamani ya Menelik, alikokuwa amezikwa kwa siri. Tessema, kocha wake wa 1962, yeye aliendelea kuongoza CAF tangu 1972 hadi kifo chake 1987, akipigania Afrika ipewe nafasi zaidi Kombe la Dunia na Afrika Kusini ya ubaguzi ibaki nje.

MAGARI YAMEFUFULIWA

Ikulu ile ile aliyotolewa kwa Volkswagen imefanyiwa ukarabati mkubwa kwa ushirikiano na Ufaransa, na Desemba 2024 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alimtembeza humo Rais Emmanuel Macron. Sasa ni makumbusho. Magari ya kifahari ya Selassie, yaliyokaa miongo mingi bila mwendeshaji, yamesafishwa na kung'arishwa, na mwananchi wa kawaida anaweza kuyasogelea.

Ni jambo jema. Gari la zamani likifufuliwa vizuri linafundisha kuliko sanamu, kwa sababu lina siti, na mtu anayelitazama hawezi kuacha kujiuliza nani alikaa hapo na nini kilikuwa kinaendelea nje ya kioo. Mtoto wa shule akisimama mbele ya Rolls-Royce hizo anapaswa kuambiwa habari za Adwa, Geneva, Bath na kombe la 1962. Anapaswa kuambiwa pia habari za Wollo na Eritrea. Ukimweleza nusu tu, utakuwa umefanya kama fundi anayepaka rangi juu ya kutu.

Selassie mwenyewe alizikwa upya kwa heshima Novemba 5, 2000, katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, Addis Ababa. Mwili wake ulisubiri kaburi kwa miaka 25. Magari yake yalisubiri kung'arishwa kwa miaka 50. Na kombe lile alilomkabidhi Luciano Vassallo, Ethiopia bado inalisubiri kwa mara ya pili.